Ramani Chini ya Kisigino cha Huseni

Ukitaka kumjua mwanamume wa Buyenzi, mtaa wetu huu wa Burundi, usimtazame usoni. Uso ulijifunza kudanganya tangu ulipokuwa unaomba peremende. Nenda msikitini, kaa safu ya nyuma yake, mngoje asujudu. Nyayo zake mbili zitakuangalia kama macho, na unyayo haujui uongo.

Karimu, fundi wa magari, alikuwa ameswali nyuma ya Huseni, fundi wa nguo, kwa miaka mingi kuliko umri wa magari anayoyafufua, na hayo mengine yalikuwa na umri wa babu. Huseni alipenda safu ya mbele, ambako shehe humwona mtu. Karimu alipenda ya pili, chini ya feni. Basi kila sijida, Huseni alipomwelekea Mola wake, visigino vyake vilimwelekea Karimu. Na kwenye kisigino cha kulia kulikuwa na doa jeusi.

"Huseni," Karimu alimwambia Ijumaa moja, wakitafuta viatu vyao mlangoni, "ile doa yako kwanza ilikuwa ndogo, imekaa kama Burundi. Leo nimeiona imevuka mto Ruzizi. Iko naingia Congo."

"We unaswali ao unapima viwanja?"

"Naswali. Lakini Mungu alinipa macho, na we ulinipa kisigino. Nifanye nini?"

Doa hilo lilikuwa na historia nyingi, kutegemea nani anauliza. Kwa wateja waliomkuta barazani kule Asiatique, mtaa wa maduka, nyuma ya mashine yake ya kukanyaga, Huseni alisema kiboko alitoka ziwani akamkanyaga, kisha akageuka, akamwomba radhi, ndipo akarudi majini. Kwa vijana alisema ni kaa la moto lililoruka kwenye pasi siku anainyoosha suti ya waziri. Alilikanyaga kwa mguu mtupu ili suti isiungue, na waziri alilia machozi. Wateja wenye haraka aliwaambia kwao wanazaliwa nalo, ukoo mzima. Mke wake Adija ndiye aliyejua ukweli, kwamba doa lilianza juzijuzi tu kama punje ya pilipili manga, na kwamba kiboko wa pekee aliyewahi kumkanyaga Huseni ni yeye Adija, gizani, akitafuta choo.

Doa lingeendelea na safari yake bila viza, lakini lilianza kutoa damu. Huseni alikanyaga pedali siku nzima, kisigino kinashuka, vidole vinashuka, na jioni moja Adija alipomletea uji akaiona pedali imelowa.

"Baba Yasmina, hii ni nini?"

"Rangi. Nilikuwa nashona kitambaa chekundu."

"Hiki kitambaa kilicho hapa ni cha kijani."

Kesho yake akamfunga kanga mguuni, akamburuta mpaka kwa daktari wa ngozi.

*

Daktari alikuwa mwanamke kijana anayeitwa Joëlla, mwenye miwani na watu wengi mlangoni. Huseni alimwacha Adija kwenye benchi la nje. "We kaa hapa," alimwambia. "Mambo ya ndani ni ya Kifaransa."

Sasa, Kifaransa cha Huseni. Asiwepo wa kusema hakukijua. Alikijua vizuri sana kuanzia kwenye kola mpaka kwenye upindo wa suruali. Alijua mkono, kiuno, kifungo, bitana, na alijua kumwambia bibi mnene kwa adabu kwamba kitambaa kimepungua. Amekuwa akiwashonea wakubwa tangu ujana, na kila mkubwa aliacha neno moja mezani, kama sindano. Nje ya nguo, Kifaransa chake kilikuwa uchi.

"Vous parlez français, papa?" daktari akauliza kama anaongea Kifaransa, haraka, maana nje watu walikuwa wanakohoa.

"Parfaitement," alijibu Huseni, yaani barabara kabisa.

Jibu hilo moja lingeweza kumuua.

Daktari aliukamata mguu, akaugeuza, akauangalia kwa kitu kama darubini chenye taa. Akaacha kuwa na haraka. Akasema maneno mengi, akichora hewani kwa kalamu, na Huseni akaitikia kichwa kila mwisho wa sentensi, vile anavyoitikia mteja anapoeleza suti ya harusi. Akamchoma sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo kama kichwa cha kifungo, akakitia kwenye chupa. Akasema tena, polepole, maneno mawili: mélanome plantaire. Akasema arudi upesi, upesi sana.

"Merci," alisema Huseni. "C'est très chic," kama anayesifu suti mpya.

Nje, Adija alisimama kabla mlango haujafunguka vizuri. "Amesema nini?"

"Mélanome plantaire."

"Ndiyo nini?"

Huseni akatembea hatua chache akichechemea, akipekua kichwa chake kama sanduku la vifungo. Lazima kuna kitu. Mtu aliyesema parfaitement hawezi kurudi mlangoni kuuliza. Na kitu kikapatikana.

"Melon," alisema. "Na plantain. Tikiti na ndizi, mama. Zimezidi kwenye damu, zimeshuka chini, zimekaa kwenye kisigino."

Adija akasimama. "Ndizi imepita tumboni ikaenda mguuni?"

"Ndizi ni nzito. Kitu kizito kinashuka. Hiyo ni siyansi."

"Na dawa?"

"Amekata ile sehemu mbaya, imebaki kwenye chupa. Mi niache tu kula hivyo vitu."

*

Adija hakuwa mtu wa kufanya kitu nusu. Siku hiyohiyo ndizi zilifukuzwa nyumbani: za kukaanga, za kuchemsha, za kuiva, hata picha ya ndizi kwenye kalenda ikageuzwa ukutani. Mukeke sasa uliletwa mezani peke yake, samaki mjane, bila vipande vya ndizi kando yake.

Mbaya zaidi ilikuwa karamu ya akika kwa jirani. Wanaume wamekaa mkekani, sahani zimepita, Huseni amekwisha kuosha mkono na anaizungukia ndizi moja ya kukaanga kama paka. Adija akatokea upande wa wanawake, akapita katikati ya wazee, akainama, akaichukua ile ndizi kwenye sahani ya mumewe.

"Mtanisamehe, wazee," alisema. "Huyu ndizi zinamshuka."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka bandarini, na meli ikafikiri inaitwa. "Zinakushuka wapi, Huseni?" aliuliza Karimu, mdomo umejaa. "Zinashukia hapo ninapofikiri?"

"Kisiginoni!"

"Ah. Wengine zinaishia njiani."

Lakini watu wakishamaliza kucheka huwa wanaogopa. Huyu alikuwa na weusi kwenye kidole. Yule mama yake aliwahi kuvimba mguu. Na nani hapa Buyenzi hali ndizi? Wiki hazikuwa nyingi, avenyu nzima ikawa inakula mihogo na maharage. Watu walipita kwenye kona ya Caritas, muuza ndizi, wakigeuza uso kama wanapita kwa mtu anayewadai.

Caritas alivumilia. Alikuwa mama mpole wa kwenda misa ya asubuhi. Kisha akaacha kuvumilia. Aliweka kichwani mkungu mzima wa ndizi, akatembea mpaka Asiatique, akautua juu ya meza ya Huseni, juu ya suti ya mtu.

"Muzee Huseni. Ndizi yangu imekukosea nini?"

"Mama Caritas, si mi, ni daktari…"

"Daktari gani? Mi nimekula ndizi tangu nilipopata meno. Mama yangu alikula ndizi akafa akiwa na miaka mingi, na alikufa kwa pikipiki. Kisigino changu hiki." Akavua kandambili, akapandisha mguu juu ya kiti cha wateja mbele ya Asiatique yote. "Onyesha ndizi iko wapi! Basi na yako tuione."

Karimu alikuwa amekuja kushonesha ovaroli. Wote wawili wakamwangalia Huseni, na Huseni, aliyekuwa na hadithi kwa kila mtu, akainama. Akavua kiatu.

Hawakucheka. Pale daktari alipokata palikuwa hapajafunga. Kando yake weusi ulikuwa umetambaa, kingo zimechongoka, sehemu nyingine imekuwa ya buluu, nyingine imeinuka kama kovu.

"Imefika Kinshasa," alisema Karimu taratibu.

"Na ndizi umeacha kweli?" aliuliza Caritas.

"Wallahi. Na tikiti. Hata maji yake."

Caritas akaubeba mkungu wake. "Basi tunaenda kwa huyo daktari sasa hivi. Aniambie mwenyewe, usoni, ndizi imefanya nini. Karimu, gari yako inawaka?"

"Ikisukumwa," alisema Karimu.

*

Walimpitia Adija, wakaingia kwa daktari wote wanne na mkungu, maana Caritas alikataa kuuacha nje na watu. Huseni akaanza yeye, kwa sauti ya mteja aliyeuziwa kitambaa kibovu.

"Muganga, mi nimefuata masharti yako yote. Ndizi nimeacha. Tikiti nimeacha. Nyumba nzima imeacha, avenyu imeacha, huyu mama anaumia. Na kisigino kinaendelea! Masharti gani haya?"

Joëlla aliangalia mguu, akaangalia mkungu, akamwangalia Adija. "Ndizi?"

"Si ulisema melon na plantain?"

Ilichukua muda. Waliona maneno yanatembea nyuma ya miwani yake, yanageuka, yanarudi. Kona ya mdomo ikamtetemeka, akaweka mkono pale, na mkono ulipotoka kicheko hakikuwapo.

"Papa, nilikuuliza kama unajua Kifaransa."

"Anajua," alisema Adija. "Cha suruali."

"Jibu la ile chupa limerudi zamani. Tumekupigia simu."

"Simu iko kwa fundi," alisema Huseni, kwa sauti ndogo sasa.

Daktari akavuta kiti, akakaa mbele yao, magoti karibu kugusana, na akaongea Kiswahili, kile cha nyumbani kwao. "Na mi nilikosea. Ningekuambia hivi tangu mwanzo. Plantaire ni ya unyayo. Mélanome ni kansa. Uko na kansa ya ngozi, papa, chini ya mguu."

Caritas, aliyekuwa ameshinda kesi yake, alikaa na mkungu mapajani akionekana kama mtu aliyeshindwa. Aliutua chini polepole, akausukuma kwa mguu chini ya meza ya daktari.

"Kansa ya ngozi," Huseni alisema, "ni ya Bazungu. Bale banajianika kando ya ziwa kama samaki ndagala. Mi nashona kivulini. Na huu unyayo, muganga, tangu nizaliwe jua haijauona."

"Ndiyo hapo tunapodanganyika," alisema Joëlla. "Kwa Wazungu inapenda mgongo, miguu, uso, pale jua linapopiga, na kule kwao nchi nyingi zinahesabu wagonjwa wanazidi. Ndugu zetu nyamweru, wale waliozaliwa bila rangi, jua linawatafuna uso na masikio. Hizo ni kansa za aina nyingine, lakini ni za ngozi vilevile. Hii yako, kwa watu weusi kama mi na we, haingoji jua. Inapenda unyayo, kiganja, chini ya kucha. Pale pasipo na mtu wa kuangalia."

"Mi nilikuwa naangalia," alisema Karimu. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. "Kila swala. Kwanza Burundi, baadaye Congo. Nilikuwa nafanya muchezo."

"Ungekuja ikiwa bado Burundi, ningefurahi," daktari alisema. "Hapa kwetu hata hatujui wako wangapi, sababu watu wanakuja ikiwa imeshakula nchi jirani."

Adija ndiye aliyeuliza. "Mutafanya nini?"

"Tunakata. Ngozi ya kisigino na nyama yake, mfupa tukibahatika tunauacha. Halafu natafuta kwenye kinena, nione kama haijapanda."

"Na nikikataa?" aliuliza Huseni.

"Itapanda bila kukuomba ruhusa."

*

Pesa zilipatikana vile zinavyopatikana Buyenzi, yaani kwa kelele. Karimu alisimama msikitini baada ya swala na kofia yake ya grisi, na aliyetia kidogo alitangazwa kwa jina. Caritas alipita kwa watu wa kwaya yake, akawaambia ukweli wote isipokuwa jina la mgonjwa, ambalo walilijua tayari.

Huseni hakuenda kazini. Mashine ililetwa nyumbani kwa mkokoteni, ikawekwa uani, na asubuhi ya mwisho alikaa nayo akaikanyaga bila uzi, bila kitambaa, sindano inachoma hewa.

"Unashona nini?" aliuliza Adija.

"Naaga."

"Usiniletee msiba. Utakanyaga na wa kushoto."

"Mguu wa kushoto haujui kushona."

"Utafundishwa. We nilikukuta haujui kitu hata kimoja, nikakufundisha, na watoto wakapatikana."

Huseni aliacha kukanyaga. Akauacha mguu juu ya pedali. "Mama Yasmina. Ningeuliza tu. Neno moja. Ningesema, muganga, sijaelewa. Ni maneno mawili hayo. Umri huu wote sijawahi kuyasema."

Adija alimwacha palepale. Aliingia jikoni, akakaa kitambo, akarudi na sahani. Mukeke, na kando yake ndizi za kukaanga, nyingi, zimepangwa zinamzunguka samaki kama wageni harusini. Huseni alikula zote. Alilamba vidole. Adija alimwangalia akila mpaka mwisho, halafu akageukia ukutani akairudisha kalenda upande wake.

*

Mfupa ulibaki. Pale kisigino kilipokuwa, Joëlla aliweka ngozi aliyoichuna kwenye paja la Huseni mwenyewe. Siku ya kufungua bendeji Huseni aliomba kioo, akavaa miwani yake ya kutungia uzi, akakagua kazi kwa muda mrefu.

"Nani alishona hapa?"

"Mimi," alisema daktari.

"Mishono mirefu. Na kiraka umekivuta upande, kitakunjamana. Ungeniuliza."

"Ulikuwa umelala, papa."

"Ndiyo shida ya mafundi wa siku hizi. Hawamwamshi mteja." Akashusha kioo. "Na kule juu?"

Joëlla alikaa. Alikuwa amejifunza kukaa kwanza. "Tezi moja kwenye kinena ilikuwa na kitu. Nimeitoa. Zingine nilizoziona zilikuwa safi. Sikudanganyi, siwezi kusema imekwisha. Utakuwa unakuja, nitakuwa naangalia. Umeelewa?"

Huseni akafungua mdomo kusema parfaitement. Adija, pembeni, akainua nyusi.

"Sijaelewa," alisema Huseni. "Anza tena. Tezi ni nini?"

*

Akarudi msikitini na fimbo. Safu ya mbele haina nafasi ya viti; viti huwekwa nyuma kabisa, kando ya ukuta, kwa wazee wa magoti na wa migongo. Ndipo alipokaa mtu ambaye shehe alizoea kumwona, na ilimuuma kuliko kiraka. Wengine waliposujudu, yeye aliinamisha kichwa tu kidogo, kama mtu anayesalimia ng'ambo ya barabara.

Na akiinamisha kichwa hivyo, nyayo zote za Buyenzi zilikuwa mbele yake.

Hakuwahi kuziona. Miaka yote alikuwa mbele, akionyesha zake. Sasa aliziona safu kwa safu, zimepinduka, nyeupe, za njano, zilizopasuka kama udongo wa kiangazi, za vijana, za wapagazi wa bandarini ngumu kama mbao, zote zimefumba macho zinamngoja. Akajaribu kumwaza Mola. Akashindwa. Alikuwa anazikagua, moja moja, kama vitambaa vilivyoletwa na mteja asiyeaminika.

Kule mbele, safu ya pili, chini ya feni, kwenye kisigino cha kushoto, palikuwa na doa jeusi.

"Karimu!" alipiga kelele. "Kisigino!"

Msikiti mzima uliruka kwenye sijida. Mzee mmoja akadhani ni tetemeko. Shehe, Mungu amlipe, aliendelea mpaka salamu, lakini sauti yake ilikuwa inatetemeka, na haikujulikana kama ni kwa hasira. Swala ilipokwisha Karimu alikuja nyuma akirukaruka kwa mguu mmoja, ameushika ule mwingine.

"We mutu hauna haya? Ni grisi, sha! Grisi ya gari! Nimetoka chini ya Toyota, nimetawadha haraka!"

"Leta hapa."

"Nakuambia ni grisi."

"Hata mi niliwaambia watu ni kiboko. Leta."

Wakaenda kwenye mabomba ya udhu. Huseni alikaa kwenye kibao cha sementi, akavaa miwani ya kutungia uzi, akauchukua mguu wa Karimu mapajani, akaomba sabuni na jiwe la kusugulia. Akaanza kusugua. Mwanzoni Karimu alicheka, kwa sababu alikuwa anatekenywa. Kisha akaona uso wa rafiki yake, ulivyoinama, jasho linavyoshuka puani, akaulegeza mguu. Maji yalishuka meusi. Akasugua tena. Nyuma yao wanaume waliokuwa wanatafuta viatu waliacha kuvitafuta. Mmoja akainua mguu wake kimya kimya na kuutazama, ameshika bega la mwenzake asianguke.

Povu lilikuwa jeupe sasa. Huseni akamwagia maji, akafuta kwa upindo wa kanzu yake mwenyewe, akausogeza unyayo kwenye mwanga. Palikuwa na ngozi tu, ya kawaida, iliyokunjamana.

Karimu akapumua. "Umeona? Imetoka. Nirudishie mguu wangu."

Huseni aliuachia. Akajipangusa mikono, akajipiga paja mara mbili, lile lenye kovu.

"Na huo mwingine," alisema.